Je, mita yangu ya stima yaweza kuingiliwa?

Msomaji wa Mtopanga, Mombasa, ameniandikia hivi:

"Assalam aleikum. Nina nyumba ya vyumba sita. Viwili twakaa mimi na wanangu, vinne nimepangisha. Mita kubwa ni ya Kenya Power, ya tokeni, na ndani kampuni moja ya kibinafsi imeniwekea mita ndogo, kila mpangaji na yake. Juzi kijana fundi aliniambia mita zote hizi ni kompyuta, na hakuna kompyuta isiyoingilika. Akajitolea kuifanyia kazi mita yangu ili tokeni ya shilingi mia tano inivushe mwezi mzima. Nilikataa, lakini tangu siku hiyo sina raha. Kama yeye aweza kuipunguza, mwengine si aweza kuiongeza, au kunizimia? Jirani naye kanitisha zaidi, ati mita mpya zikija watu wa stima watajua hata saa tunazoamka. Lipi la kweli?"

Waaleikum salaam, dada yangu.

Ulipomkatalia kijana yule ulifanya jambo la maana, na wasiwasi uliokujia baadaye una msingi. Mkono unaoweza kuipunguza mita ndio huo huo unaoweza kuiongeza, na pengine kuizima. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nyumba yako ina mita za aina mbili na kila aina ina udhaifu wake. Kwa ufupi: naam, mita za stima zina udhaifu, na umethibitishwa mara nyingi, ila hauko pale anapouonyesha kijana. Tokeni yenyewe ni ngumu kuvunja. Panapovuja ni pembeni yake: nani ameshika ufunguo, nani anaifikia mita, na nani anaweza kuiamuru akiwa mbali. Ninaposema ufunguo nakusudia namba ndefu ya siri iliyomo ndani ya mita.

Tuanze na tokeni, maana ndiyo unayoitumia kila siku. Ukituma pesa kwa 888880, ombi lako linafika kwenye mfumo wa kuuzia pamoja na namba ya mita yako ya tarakimu 11. Huko kuna mashine iliyofungwa, iliyoundwa ijifute mtu akijaribu kuifungua, na ndani yake umehifadhiwa ufunguo mama. Kutokana na ufunguo mama na namba ya mita hupatikana ufunguo mdogo ambao ni wa mita hiyo peke yake. Mfumo unachukua idadi ya yuniti ulizonunua, dakika uliyonunua na hesabu ya kuhakiki, unavifumba kwa ufunguo huo, na kinachotoka ni zile tarakimu 20 unazoziona kwenye simu. Mita yako ilitiwa ufunguo huo huo tangu mwanzo. Haihitaji mtandao wala laini ya simu. Ukiingiza tarakimu inazifumbua papo hapo, na hesabu ikilingana inakuongezea yuniti. Utaratibu huu unaitwa STS. Ulizaliwa Afrika Kusini mapema miaka ya 1990, na sasa unatumika katika nchi nyingi za Afrika na kwengineko.

Ndiyo maana tokeni ya jirani haiingii kwako hata mkinunua pamoja kwa bei moja. Tokeni iliyokwisha tumika hairudiwi, kwa sababu mita hukumbuka dakika za tokeni za karibuni. Na anayebahatisha tarakimu atachoka yeye kabla ya mita: ukikosea mara kadhaa, mita nyingi hukufungia kwa muda. Kwa hivyo usiogope mtu akiona tokeni yako ya zamani kwenye simu, haimfai kitu. Kinachomfaa tapeli ni ule ujumbe mzima, wenye namba ya mita na kiasi ulicholipa, kwa kuwa akikupigia na kukutajia hayo utadhani kweli ni afisa. Usiutume kwenye makundi ya WhatsApp.

Udhaifu wa tokeni uko dukani. Yeyote atakayefikia mfumo wa kuuzia, kwa nywila iliyoibwa au kwa kushirikiana na mtu wa ndani, ataweza kutoa tokeni halali kabisa ambazo pesa zake hazikuingia popote. Afrika Kusini wamelionja hili. Shirika lao la umeme, Eskom, lilikiri hadharani kwamba mfumo wake wa kuuzia tokeni ulivunjwa na tokeni hewa zikatolewa. Mita za wateja hazikuwa na kosa. Zilipokea tarakimu sahihi zenye ufunguo sahihi. Basi ukiona mtu mtandaoni anauza yuniti za shilingi elfu kwa mia nne, jua ni mambo mawili tu: ama atakula pesa zako na kukuzuia, au anauza mali ya wizi na namba ya mita yako ndiyo itakayobaki kwenye kumbukumbu kama mnunuzi.

Huenda wakumbuka mwaka 2024 tulipoambiwa tuzisasishe mita kabla ya tarehe 24 Novemba. Wengi walidhani ni utapeli, na siwalaumu, maana matapeli nao walijipenyeza humo humo kudai malipo, hali kazi yenyewe ilikuwa ya bure. Sababu ilikuwa ya kweli. Ile dakika ya kununua iliyomo ndani ya tokeni huhesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo inatosha dakika milioni 16 na kidogo tu, yaani takriban miaka 32. Siku hiyo ya Novemba nafasi ilijaa. Ilibidi hesabu ianze upya kwa kuhesabiwa kutoka mwaka 2014, lakini kuirudisha nyuma kulileta hatari: tokeni za kale zingeweza kuonekana mpya. Ndipo kila mita ikapewa ufunguo mwengine kwa wakati huo huo, ili tokeni zote zilizofumbwa kwa ufunguo wa zamani ziwe takataka. Zile safu mbili za tarakimu 20 ulizotakiwa kuingiza kabla ya tokeni yako ndizo zilizobadilisha ufunguo. Kwa mita yako kubwa, kama inapokea tokeni hadi leo, jambo hilo limekwisha. Mita zako ndogo nazo, zikiwa ni za STS, zilihitaji kufanyiwa vivyo hivyo na ile kampuni. Kama wakati huo mpangaji wako yeyote alikataliwa tokeni na mita ikabadilishwa ghafla, sasa wajua kwa nini.

Tokeni ikiwa imara, mita nayo yaweza kuwa na kasoro ya utengenezaji. Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyefuatilia mita hizi Afrika Kusini katika miaka ya 1990, alieleza kisa ambacho kila mhandisi wa mita hapa kwetu angepaswa kukijua. Aina moja ya mita ilikuwa na hitilafu kwenye programu yake: stima ikishuka nguvu hadi kati ya volti 160 na 180, mita ilijijaza yuniti hadi kikomo. Watu waligundua. Vijana wakaanza kurusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za kilovolti 11, stima ikayumba mtaa mzima, na mita za mtaa mzima zikajijaza. Hakuna aliyevunja ufunguo wala aliyegusa mita. Kwetu hapa stima huyumba bila mtu kurusha mnyororo, na ndiyo maana mimi hudai mita zipimwe kwa stima chafu kama yetu, si kwa ile safi ya maabara, kabla hazijapandishwa ukutani.

Sasa nije kwa kijana wako. Kwa kadiri ninavyoijua kazi hii, anachokusudia si kompyuta hata kidogo. Ni waya. Atafungua boksi, apitishe stima kando ya mita, kisha akuambie ameiingilia programu. Fikiria boksi lenyewe lilivyo: bati limeliwa na chumvi, nyaya za vyumba sita zimebanana, na humo anaongeza kiungo kisichokazwa vizuri, kinachobeba mzigo wa nyumba nzima. Kiungo kilicholegea hupata moto. Hapo tunazungumzia watoto wako na wapangaji wanne, dada yangu, na hakuna nafuu ya shilingi yoyote inayolingana na hilo. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai, na mwenye akaunti aweza kujikuta mashtakani. Kugunduliwa si vigumu. Mita nyingi huandika tukio la kifuniko kufunguliwa pamoja na saa yake, na baadhi hujizima hadi zipewe tokeni maalumu ya kuzifungua. Hata zisipofanya hivyo, mteja aliyekuwa akinunua kila wiki akaacha ghafla huonekana kwenye orodha ya mauzo.

Itokee kwamba kijana kweli ana kifaa cha kuiingilia mita. Hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Mita za elektroniki huwa na kijicho cha mwanga usoni, ambapo fundi wa shirika huweka kifaa chake kusoma na kurekebisha. Kijicho hicho hulindwa kwa nywila, na udhaifu wa miaka mingi ni kwamba nywila moja huwekwa kwenye maelfu ya mita. Ikivuja, imevujia zote. Huko Puerto Rico, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilichunguza mwaka 2009 na kukuta mita janja zimerekebishwa kwa njia hiyo ili zirekodi pungufu. Waliotajwa kuhusika ni wafanyakazi wa kampuni ya stima na waliokuwa wafanyakazi wa watengenezaji mita. Kifaa chao kilipatikana kwa dola kama 400, na walitoza nyumba ya kawaida kati ya dola 300 na 1,000. Hawakuwa mabingwa wa hesabu. Walikuwa watu wa kazi hiyo hiyo, waliozijua mita kwa ndani. Mtu wa namna hiyo ukimruhusu kwenye mita yako, kesho akirudi kudai zaidi utamwambia nini? Kukushtaki anaweza bila kutaja jina, na kukuzimia anaweza.

Nimesema mita janja, na hapa nikujibu kuhusu jirani. Mita ya tokeni uliyo nayo hungoja tarakimu. Mita janja huongea na makao makuu yenyewe, ama kupitia nyaya za stima, ama kwa redio, ama kwa laini ya simu iliyomo ndani yake. Hutuma matumizi kila baada ya muda fulani, na hupokea amri, ikiwemo ya kukata na kurudisha. Hapa Kenya zimetangulia kwa viwanda na biashara kubwa, lakini mkondo wa dunia nzima ni kuzifikisha majumbani, kwa hivyo ni haki yako kuuliza mapema.

Faida zake si za uongo. Shirika linajua mtaa gani hauna stima bila kusubiri simu zetu, na fundi hatumwi Bamburi hali tatizo liko Kiembeni. Ila mita inayopokea amri kutoka mbali ina lango, na lango hilo likitekwa haitekwi nyumba moja. Mwaka 2009 mtafiti Mike Davis alionyesha kirusi kinachojisambaza kutoka mita hadi mita kwa redio. Katika majaribio yake ya kompyuta, kati ya nyumba 22,000 kilishika 15,000 ndani ya saa 24. Oktoba 2014, kwenye mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta uitwao Black Hat, mjini Amsterdam, Wahispania wawili, Javier Vázquez Vidal na Alberto García Illera, walieleza jinsi walivyozifungua mita janja za nchini kwao na kuutoa ufunguo uliomo. Ufumbaji uliotumika ulikuwa wa kuaminika, AES ya biti 128, lakini ufunguo uliwekwa mahali panaposomeka kwa mtu mwenye vifaa na subira. Kwa kuujua, mtu angeweza kuvisha mita yake utambulisho wa mita nyengine, au kukata stima. Kila siku husikia wauzaji wakinisifia aina ya ufumbaji wa mita zao. Mimi huwauliza swali moja: nikiifungua hii nikautoa ufunguo wake, nimeharibu mita moja au nimeharibu mji? Asiyeweza kulijibu hastahili kuuza mita.

Anderson na mwenzake Shailendra Fuloria waliandika mwaka 2010 kuhusu swichi hiyo ya kukatia, wakauliza ni nani hasa anayeishika. Ni swali zito kuliko la bili. Tarehe 23 Desemba 2015, huko Ukraine, wavamizi waliingia kwenye kompyuta za kampuni za usambazaji na kuwakatia stima wateja wapatao 225,000, nao walipitia vituo vya kuongozea mitambo, si mita. Mafundi walikwenda vituoni wakarudisha kwa mikono, saa chache ikawa imerudi. Swichi zikiwa ndani ya mita laki mbili, kila moja ukutani kwa mtu, wa kuzirudisha kwa mikono ni nani? Mombasa stima ikikatika na maji hukatika, kwa kuwa nyumba nyingi zategemea pampu za visima. Kuna wazee wetu wanaopumua kwa mashine za oksijeni nyumbani, na insulini imo kwenye friji. Kwa maoni yangu, mita yoyote ya nyumbani yenye swichi ya mbali ingewekewa kikomo: isikubali amri ya kukata inayotumwa kwa maelfu kwa mpigo, na ikae muda fulani kabla ya kutii, ili kosa au uvamizi uonekane kabla haujaleta maafa. Hilo lawezekana kiufundi. Linataka mnunuzi wa mita alidai kwenye zabuni.

Kuhusu kuonekana saa mnazoamka, jirani yako hakukosea. Kila chombo kina mwendo wake wa kula stima: friji huja na kuondoka, pasi hupanda ghafla na kukatika, pampu huanza kwa kishindo. George Hart wa chuo cha MIT, Marekani, alianza katika miaka ya 1980 kuonyesha kwamba ukiusoma mstari wa matumizi ya nyumba kutoka nje, waweza kuvitambua vyombo vilivyowashwa ndani. Mwaka 2011 watafiti wa chuo cha Münster, Ujerumani, walichukua mita janja iliyokuwa ikituma vipimo kila sekunde mbili bila kufumbwa, wakaweza kutambua hata filamu inayoonyeshwa kwenye televisheni kwa jinsi kioo kilivyokuwa kiking'aa na kufifia. Mita ya kutuma kila nusu saa haitajua filamu. Lakini itajua daku. Mwezi wa Ramadhani, nyumba inayowaka taa na birika saa kumi usiku na kutulia mchana kutwa jikoni imejieleza yenyewe ni ya nani. Itajua wiki mliyokwenda Lamu kwa Maulidi na nyumba ikabaki tupu, na habari hiyo mwizi angeinunua kwa furaha.

Uholanzi jambo hili lilifika mbali. Mwaka 2009 Seneti yao ilikataa sheria ya kulazimisha mita janja kwa kila nyumba kwa ajili ya faragha hiyo hiyo. Marekani, mwaka 2018, mahakama ya rufaa ilitoa uamuzi katika kesi ya mji wa Naperville kwamba kukusanya vipimo vya kila dakika 15 ni sawa na upekuzi wa nyumba, ingawa ikauona upekuzi huo kuwa wa busara kwa madhumuni yake. Sisi tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na chini yake una haki ya kuuliza ni data gani inayochukuliwa, ya kazi gani, na itakaa muda gani. Siku fundi wa mita janja atakapobisha hodi, muulize hayo matatu. Kama hana majibu, yaulize kwa maandishi ofisini kwao.

Ila hapa, dada yangu, na wewe umo. Mita zako ndogo zina programu kwenye simu yako inayokuonyesha kila mpangaji ametumia nini na lini, sivyo? Basi wewe ndiwe unayeona saa wanazoamka. Usiwataje kwa majirani, usiwape watu picha za kurasa hizo, na mpangaji akihama mwambie kampuni ifute jina lake.

Na hizo mita ndogo, kwa kweli, ndizo zinazonitia mimi wasiwasi kuliko mita yako kubwa. Ufunguo mama wa Kenya Power uko kwenye mashine iliyofungwa, chini ya shirika kubwa lenye wakaguzi. Ufunguo wa mita zako ndogo uko kwa kampuni usiyojua ofisi yake iko ghorofa ya ngapi. Wapangaji wanalipa kwa namba ya malipo ya kampuni, kampuni inakata ada yake na kutoa tokeni. Ikifunga biashara au mkikosana, mita zinabaki ukutani na hakuna mwengine awezaye kuzitolea tokeni, na wapangaji watakaa gizani hali mita kubwa imejaa yuniti. Katika STS kuna namba ya kundi la ugavi inayoonyesha mita ziko chini ya nani, na mwenye nyumba aweza kusajiliwa namba yake mwenyewe ili siku akitaka kuhama kampuni, ahame na mita zake. Iulize kampuni yako kwa maandishi: mita zangu ziko chini ya namba ya nani, na nikitaka kuhama mtanipa tokeni za kubadilishia ufunguo? Wakikuzungusha, anza kutafuta wengine mapema kabla hujalazimika.

Angalia pia kile kiboksi kinachounganisha mita ndogo na mtandao, kama kipo. Mara nyingi huachwa na nywila ya kiwandani, ambayo mtu yeyote huipata kwenye kitabu cha maelekezo. Mwambie aliyekuwekea aibadilishe mbele yako. Na nywila ya akaunti yako iwe yako, si ile aliyokuchagulia fundi siku ya kwanza akaiandika kwa kalamu ndani ya mlango wa boksi.

Kuhusu hofu ya kuongezewa: unaweza kuipima mita mwenyewe bila kumlipa mtu. Usoni pana taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mpepeso kwa kila yuniti, mara nyingi 1,000 au 1,600. Chagua wakati wapangaji hawapo au omba ushirikiano wao. Kwanza zima swichi kuu na uitazame taa dakika tano. Ikiendelea kupepesa hali kila kitu kimezimwa, kuna mtu amejiunganisha baada ya mita yako, au waya unavuja, na yote mawili yanahitaji fundi mwenye leseni. Isipopepesa, washa kitu kimoja tu unachokijua, kwa mfano birika la stima la wati 2,000. Kwa mita ya 1,000 utahesabu mpepeso 33 hivi kwa dakika. Kwa ya 1,600, kama 53. Stima ikiwa hafifu siku hiyo hesabu itashuka, hilo ni la kawaida. Ikizidi sana, ndipo pana la kulalamikia. Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kimashine cha kubonyezea tu, washa jiko la koili la wati 1,000 kwa saa nzima, moto wa juu kabisa, vingine vyote vikiwa vimezimwa, uone kama imepungua yuniti moja.

Wengi wanaofanya kipimo hiki hukuta mita haina kosa. Kinachobadilika ni bei. Gharama ya mafuta na ya ubadilishaji fedha hupanda na kushuka kila mwezi, na tangu Aprili 2023 viwango vya nyumbani vimegawika katika makundi: hadi yuniti 30 kwa mwezi, kutoka hapo hadi 100, na zaidi ya 100, wakitazama wastani wa miezi mitatu iliyopita. Nyumba yako ina vyumba sita nyuma ya mita moja, kwa hivyo yaelekea mko kundi la juu kabisa, na kila mpangaji anabeba bei hiyo hata akiwa na taa na feni tu. Ukiweza kuwapatia mita zao za Kenya Power, hilo litawapunguzia kuliko ujanja wa fundi yeyote.

Mtu akija kwenye boksi akisema ametumwa, piga 97771 kabla hajagusa kitu, umtajie jina na namba ya kitambulisho chake. Sili ya mita ikikatika kwa kutu, na huku kwetu pwani hukatika, ripoti siku hiyo hiyo na uhifadhi namba ya malalamiko, ili isije ikasemwa umeikata wewe.

Jambo la mwisho la kufanya mwezi huu. Tarehe moja, andika usomaji wa mita kubwa na wa mita ndogo zote, pamoja na ya vyumba vyako kama ipo. Baada ya siku thelathini andika tena. Kama vyumba vyako navyo vina mita, jumla ya matumizi ya ndogo ikaribiane na ya kubwa. Tofauti ya chini ya tano kwa mia ni ya nyaya na taa za uani. Ikizidi hapo, niletee tarakimu zote tuzitazame, na nijulishe pia kampuni imekujibu nini kuhusu namba ya kundi la ugavi.